Hanywi, Basi Ana Pepo

Kikao cha tatu cha harusi ya binamu yangu kilifanyika kwenye baa moja ya Sinza, viti vya plastiki, televisheni inaonyesha mpira bila sauti. Tulikuwa tumefikia bajeti ya vinywaji, ajenda ambayo huwaamsha hata waliokuja kusindikiza wenzao. Mweka hazina akauliza: "Wageni ni mia tatu. Wa soda tuwaweke wangapi?" Kaka mmoja wa kwenye kona akajibu bila kuinua macho kwenye simu: "Weka hamsini tu. Walokole, Waislamu, watoto na wagonjwa."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Kisha nikajihesabu. Mlokole siyo. Mwislamu siyo. Arobaini nimeshaivuka, na ugonjwa ninaoujua ni mgongo tu. Lakini mbele yangu palikuwa na chupa ya maji, na nilikuwa nimeiagiza mwenyewe kwa akili zangu timamu. Kwa hesabu za yule kaka, mtu wa aina yangu hatakuwepo ukumbini.

Hata hayo maji sikuyapata kirahisi. "Mangi, unakunywa nini?" Maji. "Sawa, ya kuanzia. Halafu?" Maji. Hapo ndipo mahojiano huanza, na kila aliyewahi kukalishwa kwenye kiti hicho anajua mpangilio wake. Kwanza dini: "Umeokoka siku hizi?" Ukisema hapana, wanakugeuzia upande wa pili: "Au umeslimu kimya kimya?" Pili afya, na hili huulizwa kwa sauti ya chini, mtu amekusogelea sikioni: "Unameza dawa?" Hakuna haja ya kutaja dawa gani. Tatu ndoa: "Shemeji kapiga marufuku?" Nne mfuko: "Kama ni hela sema, ya leo iko kwangu." Hili la nne huja na ukarimu wa kweli, ndiyo maana ni gumu kulikwepa kuliko yote. Mwanamke ana la tano lake, la mimba. Dada mmoja wa ofisini kwetu alikataa bia kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka, siku ya Ijumaa; Jumatatu akakuta idara nzima inamhesabia miezi.

Ukweli wangu ni mfupi. Niliacha mwaka 2016 kwa sababu pombe ilikuwa inaniharibia usingizi, na Jumapili yangu ilikuwa inaanza saa nane mchana. Basi. Nimelijaribu jibu hilo kwenye meza nyingi na bado halijawahi kupita. Watu hulitazama kama noti iliyochanika. Wanataka sababu nzito kiasi cha kulingana na kosa lenyewe, na sababu nzito tulizo nazo ni mbili: Mungu au maradhi.

Sitawalaumu kana kwamba wamezua jambo jipya. Mimi ni mtoto wa Rombo, Kilimanjaro, na kwetu mbege, pombe ya ndizi, ndiyo ilikuwa karatasi na mhuri. Posa ilikwenda na mbege. Ugomvi wa mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, ulimalizwa kwa mbege. Na haikuwa kitu cha kufungua kizibo: ndizi mbivu zinachemshwa, zinaachwa siku kadhaa zichachuke, unatengenezwa uji wa kimea cha ulezi, gome la mti wa msesewe linaipa ule uchungu wake. Mtu amehangaika karibu wiki nzima kwa ajili ya saa mbili za kukaa na wewe. Mwenye nyumba anaonja kwanza, mbele ya macho yako, ndipo anakupa kata. Sasa ukiikataa umesema nini? Umesema humwamini. Umesema pengine kuna kitu humo ndani.

Kwa hiyo kukataa kulihitaji mamlaka iliyomzidi mwenye nyumba bila kumtukana. Mamlaka hiyo ilikuwa Mungu. Mtu aliposema "nimeokoka", mzee wa nyumba alielewa: shida si mimi, wala si pombe yangu, huyu kafungwa na mkubwa kuliko sisi wote. Heshima ya pande zote mbili ikabaki mahali pake. Siku hizi tunalicheka swali la "umeokoka?", lakini nadhani lilianza kama mlango wa adabu, mlango ambao anayekataa kata angeweza kutokea bila kuvunja undugu.

Na waliookoka walikuwepo kweli, kwa maelfu. Jina lenyewe walokole ni la Kiganda, balokole, yaani waliookolewa. Uamsho ule ulishika moto miaka ya 1930 kutoka Gahini, Rwanda, na Uganda, ukaingia Bukoba na Kenya, ukatapakaa Afrika Mashariki yote. Watu walisimama mbele ya kusanyiko wakataja dhambi zao kwa majina: wizi, uzinzi, ulevi. Wengine walirudisha vitu walivyoiba. Asiyependa walokole leo, na mimi kuna siku siwapendi, amuulize mama yeyote ambaye mumewe aliokoka akaanza kufika nyumbani na mshahara mzima mfukoni. Atasikia habari ambayo hakuna kampeni ya serikali iliyowahi kuileta.

Kanisa pia lilielewa jambo ambalo washauri wengi hawalielewi: kuacha pombe ni rahisi kuliko kuacha meza. Mnywaji ana watu wake, saa zake, kiti chake, utani wake. Ukimnyang'anya chupa umemwacha saa kumi na mbili jioni hana pa kwenda. Walokole walimpa pa kwenda. Mazoezi ya kwaya Jumanne, fellowshipu Alhamisi, mkesha Ijumaa. Ni meza nyingine, ina watu wake na utani wake.

Ila kilitokea kitu pembeni ambacho sidhani kama kuna aliyekikusudia. Kutokunywa kukageuka mali ya dini. Baa na kanisa, ambao hawapatani hata kwa kelele (mtaani kwetu wamepakana ukuta, kila mmoja na spika zake, na NEMC, baraza la mazingira, imeshawakemea wote wawili, baa na nyumba za ibada, kwa kelele hizo), wamekubaliana jambo hili moja: hakuna mtu anayeacha pombe bure. Mnywaji anasema, kaacha, basi kawa wao. Mlokole anasema, kaacha, basi ni wetu, bado tu hajajua.

Kuhusu idadi nako tunajidanganya. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2024, linaonyesha kwamba mwaka 2019 zaidi ya nusu ya watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea hawakugusa pombe kwa mwaka mzima. Wasiokunywa ndio wengi duniani! Ripoti hiyo hiyo inahesabu vifo milioni 2.6 vya mwaka huo vilivyotokana na pombe. Pombe imo kwenye orodha ya visababishi vya saratani tangu 1988. Lakini kwenye meza ya Sinza mwenye kutakiwa kujieleza ni mimi na chupa yangu ya maji, wala si yule kaka mwenye chupa ya sita.

Tugeukie upande wa pili, maana huko ndiko ninakochoka zaidi siku hizi. Kuna mwenzangu wa kazini, mtu mwema kabisa, alipogundua kuwa sinywi alianza kuniita "mtumishi". Nikamwambia mimi si mtumishi wa chochote isipokuwa mkopo wa benki. Akacheka, akaniombea. Baada ya miezi miwili akaniomba nikatoe ushuhuda kwenye ibada yao ya mchana: "Waambie Bwana alivyokutoa kwenye ulevi." Nikamweleza kwamba Bwana hakunitoa, nilitoka mwenyewe kwa mguu, na wala sikuwa nimezama sana. Uso ukamshuka. Ushuhuda unahitaji shimo. Mtu aliyeacha pombe bila kwanza kulala mtaroni ni kama muuzaji asiye na bidhaa.

Au panda basi la kwenda Moshi pale Mbezi. Hamjafika hata Kibaha, kijana ameshasimama kwenye korido, shati limechomekewa, Biblia imefungwa zipu. "Bwana Yesu asifiweee!" Wanajibu watatu wanne. "Mbona mmepoa? Au humu ndani kuna wachawi?" Basi zima linaitika Amina kwa nguvu, akiwemo mzee wa jirani yangu aliyevaa kofia ya baraghashia. Yule mzee hakuokoka pale. Alikwepa kuitwa mchawi, basi. Kisha bahasha ya sadaka inapita, na kijana anashuka kwenye kituo cha mbele kungoja basi jingine. Nilipomtazama mzee akirudisha tasbihi yake mfukoni niliona kitu ninachokifahamu vizuri: ni mimi kabisa, baa, nikipokea bia ya ofa na kuilaza mbele yangu mpaka iishe povu, ili tu waniache.

Katiba ya nchi, ibara ya 19, inasema kueneza dini ni jambo la hiari ya mtu binafsi. Kwa kawaida tunaisoma hiari hiyo kama ya anayehubiri. Ya anayehubiriwa je, akiwa amefungwa mkanda kwenye kiti cha dirishani?

Wahubiri wenyewe wana neno zuri ambalo sidhani kama wanalisikia wakilisoma. Biblia ya Kiswahili, pale Petro anapowaambia watu wasilewe akili, inasema: "Mwe na kiasi na kukesha." Kiasi. Ndilo neno letu la utimamu, na ni neno la kipimo, la kibaba na pishi. Halimzungumzii mnywaji peke yake. Spika ya mkesha saa tisa usiku nayo ina kiasi chake.

Mpaka hapa unaweza kusema haya ni malalamiko ya mtu mwenye nafasi. Kuulizwa maswali baa hakuui. Kweli. Lakini mjomba wangu, kaka wa marehemu mama, nusura auawe na kitu hicho hicho.

Mjomba alikunywa zaidi ya miaka ishirini. Mbege kwanza, kama kila mtu, halafu gongo, na mwishoni alikuwa anaamka alfajiri kupata kidogo ili mikono itulie aweze kufunga vifungo vya shati. Shangazi, ndivyo tunavyomwita mkewe, alizunguka kila mahali. Miaka kadhaa iliyopita akampeleka kwenye maombi. Wakamwombea, mchungaji akamwamuru aache usiku ule ule, hata tone asiguse, na chupa ikapasuliwa mbele ya waumini. Watu walilia kwa furaha. Naamini mjomba naye alilia kweli.

Siku ya pili akaanza kutetemeka. Jasho, mapigo ya moyo, hajala wala hajalala. Usiku wake akaanguka, mwili mzima ukakakamaa na kurusharusha miguu kama mwenye kifafa. Siku ya tatu alikuwa anapangusa siafu ukutani, siafu ambao hawakuwepo, na anaongea na marehemu babu. Waombaji wakaitwa. Wakasema ni pepo wa ulevi anatoka, hapendi kuondoka. Wakaamuru afungiwe chumbani, watu wafunge na kuomba, na asipelekwe hospitali kwa sababu hospitali ingekuwa kukosa imani. Aliyeokoa jahazi ni mtoto wake wa bodaboda, ambaye hata kanisani haendi. Alimbeba usiku, katikati yake na rafiki yake, mikono imefungwa kwa kanga ya mama.

Daktari wa zamu hakuuliza kuhusu pepo. Aliuliza: "Ameacha lini?" Akaambiwa siku ya tatu leo. Akatikisa kichwa kama fundi aliyeonyeshwa waya uliounguzwa mahali anapopajua. Akaeleza kwa maneno ya kawaida kwamba ubongo uliozoea pombe kila siku kwa miaka hujikaza kuishindilia, na ukiiondoa ghafla, ule mkazo unabaki peke yake. Degedege huja ndani ya siku mbili za mwanzo. Kuona visivyoonekana na kuchanganyikiwa huja kuanzia ya pili mpaka ya nne. Bila matibabu, hali hiyo inaua. Akachomwa diazepam, akawekewa vitamini B1 na dripu, wakamlaza chini ya uangalizi. Baada ya siku sita alikuwa anauliza bei ya kahawa.

Nikiwa kwenye benchi la wodini nilikumbuka maneno ya Injili ya Mathayo, mlango wa 11. Yesu anasema Yohana alikuja, hali wala hanywi, nao wakasema ana pepo. Mwana wa Adamu akaja akila na kunywa, wakasema mlafi huyu na mlevi. Nimeisikia aya hiyo toka utotoni. Sikuwahi kudhani ningemjua Yohana kwa jina la ukoo.

Mchungaji hakukosea kumtaka mjomba aache. Wala sala haikumletea degedege. Kosa ni kwamba kwenye chumba kile palikuwa na lugha moja tu ya kueleza kutokunywa, na lugha hiyo haikuwa na neno la mwili. Ulevi ni pepo. Kuacha ni wokovu. Kutetemeka basi lazima kuwe vita. Na sisi ndugu tuliokuwa tunakunywa naye kila Krismasi tulikuwa na lugha gani? Tulisema atarudi tu, pombe haiachwi. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba mnywaji wa kiwango chake hashushwi ghafla bila daktari. Wako watu milioni 400 duniani ambao unywaji wao umefikia hatua ya ugonjwa, kwa hesabu za ripoti ile ile, na ukoo wetu mzima wa wanywaji haukujua jambo hilo la msingi.

Kuna watu waliolitafakari hili kabla yetu, nao walianzia kanisani. Mwaka 1935, huko Akron, Ohio, walevi wawili wa Kimarekani, mmoja dalali wa hisa na mwingine daktari, walianza kukutana ili kila mmoja amsaidie mwenzake asinywe. Walilelewa na kundi la Kikristo lililopenda sana toba na maungamo, ndugu wa tabia na walokole wetu wa miaka hiyo hiyo. Lakini walipoandika hatua zao 12, zilizochapishwa mwaka 1939, walibishana, kwa sababu baadhi ya wenzao hawakuwa waumini na walikuwa wanataka kupona kama wengine. Ndipo wakaweka maneno: Mungu kwa kadiri tulivyomwelewa. Si jibu kamili. Asiyeamini kabisa bado anabanwa. Ila walikuwa waumini waliokubali kubana viti ili mwingine apate pa kukaa. Nyumba za soba kule Unguja, ambako wengi ni Waislamu walioacha unga, yaani heroini, zimezitumia hatua hizo hizo.

Na tusidhani kwamba upande wa Waislamu jambo hili limeisha kwa kuwa kilevi ni haramu. Rafiki yangu wa Tanga huniambia nina bahati ya kuulizwa. Yeye jina lake linamjibia. Anawekewa soda kabla hajakaa. Kwa miaka saba alikuwa anakunywa ndani ya kikombe cha chai, mlango umefungwa, na alipotaka kuacha hakuwa na wa kumwambia. Ili aseme anaacha, ingebidi kwanza aseme alikuwa anakunywa. Kurani yenyewe ilimkataza mtu pombe kwa hatua: kwanza ikamwambia madhara yake ni makubwa kuliko manufaa yake, kisha asiikaribie sala akiwa amelewa, ndipo ikakata moja kwa moja. Na katika sura ya Al-Baqara, yenye ile hatua ya kwanza, imo aya ya 256: hapana kulazimisha katika dini. Jirani zake wangempa hatua moja tu, ya aibu.

Harusi ya binamu ilifika, Desemba, ukumbi wa Mbezi. Soda za watu hamsini ziliisha kabla keki haijakatwa. Walizinywa madereva, walizinywa waliokuwa na zamu asubuhi, walizinywa wamama wa Rombo ambao hakuna aliyewahi kuwauliza wanataka nini, na nilimwona yule kaka wa kwenye kona akivizia Stoney ya mwisho kwa sababu, alisema, wiki hiyo tumbo lilikuwa limemchosha. Kreti za bia zilibaki tukapanga namna ya kuzirudisha.

Mjomba alikaa meza moja nami, suti ya kuazima, mikono imetulia kabisa. Hajarudi kwenye lile kanisa, na Jumapili huenda misa ya kwanza kama zamani, anakaa nyuma. Muhudumu, binti mdogo mwenye daftari, alifika akiwa na haraka.

"Baba, nikuletee nini?"

"Maji."

Meza ikanyamaza. Nikaona shemeji mmoja ameshafungua mdomo. Binti hakumtazama, alikuwa anaandika.

"Ya baridi au ya moto?"

"Ya moto," mjomba akasema. "Kifua kinanisumbua."